Ukuta ulibomolewa, hati zikabaki mbili: kisa cha fleti za urithi Malindi

Benki ilimnyima mkopo kijana wa familia hii kwa sababu ya ukuta uliobomolewa miaka mingi nyuma. Mthamini wa benki alipanda hadi ghorofa ya pili ya jengo lililo nyuma kidogo ya Barabara ya Lamu, hapa Malindi, akiwa na nakala za hati mbili mkononi, ya nyumba namba 5 na ya nyumba namba 6. Alipofunguliwa mlango alijikuta ndani ya nyumba moja. Sebule ni moja, pana. Jiko ni moja. Na pale palipokuwa jiko la namba 6 pamewekwa vitanda vya wajukuu. Akapima, akapiga picha, akarudi ofisini kuandika kwamba alichokiona hakilingani na hati, kwa hiyo hawezi kukitia bei.

Kazi yangu ni ya hati za ardhi, na faili hili lilikuwa mikononi mwangu tangu barua ile ya benki hadi hati mpya zilipotoka. Familia imeniruhusu kulisimulia mradi niache majina na nibadilishe namba za nyumba. Nalisimulia kwa kirefu kwa sababu najua si wao peke yao. Fleti zimejengwa kwa wingi mjini kwetu, wazee walionunua mbili tatu wanatutoka, na watoto wanaachiwa mali ambayo haigawanyiki kwa kamba na vigingi kama shamba la minazi.

Marehemu aliacha mjane, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake walikuwa wametangulia. Baada ya gharama za mazishi na madeni, kilichobaki cha kugawana kilikuwa fleti tatu katika jengo hilo lenye fleti nane: namba 3 iliyo chini, mita za mraba 140, na namba 5 na 6 za juu, mita 90 kila moja. Kadhi akatoa mafungu kama yalivyo katika Qur'ani: mjane thumni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata fungu la wanawake wawili. Mali yote ikigawanywa mafungu 32, mama ana 4, mwana ana 14, na kila binti ana 7.

Watoto walipotazama mita, nyuso zilichangamka. Mita 140 katika 320 ni sawasawa na mafungu 14 katika 32. Namba 3 ikatwe mbili iwe ya mabinti. Namba 5 na 6 ziwe za mama na mwana, ambao tayari wanaishi humo. Na hakuna atakayemdai mwenzake. Lakini urithi hugawanywa kwa thamani. Juu kuna upepo wa bahari, chini kuna vumbi na mngurumo wa tuktuk. Mthamini waliyemwita wenyewe aliitia namba 3 shilingi milioni 12.6, na zile za juu milioni 9.9 kila moja. Jumla ni milioni 32.4. Fungu la mabinti wawili kwa pamoja ni 14,175,000, na nyumba wanayopewa ni ya 12,600,000. Wamepungukiwa na 1,575,000, na hizo ndizo fedha ambazo kaka yao alikwenda kuzikopa ili awalipe dada zake haki yao. Dada mkubwa alikuwa amekwisha kumwambia mbele ya mama: "Kaka, sisi hatuna haraka, lakini usituandikie ahadi. Tulipe."

Basi mkopo ukakwama kwenye ukuta.

Hapa inabidi nieleze hati ya fleti ni kitu gani, maana ndipo wengi wanapopotea. Sisi wa Pwani tumezoea nyumba bila ardhi: kuta zangu, kiwanja cha mtu mwingine, na kila mwezi nalipa kodi ya kiwanja. Watu wengi wakisikia hati ya fleti hudhani ni jambo lilelile limepandishwa ghorofani. Sivyo. Chini ya sheria ya Kenya ya umiliki wa fleti, Sheria Namba 21 ya 2020 (Sectional Properties Act), iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020 na kuifuta ile ya 1987, jengo linachorewa ramani ya mgawanyo inayoonyesha kila nyumba, ukubwa wake na fungu lake katika jengo zima. Ramani ikisajiliwa, msajili hulifunga daftari la kiwanja kizima na kufungua daftari la kila nyumba peke yake. Mwenye nyumba anamiliki nyumba yake, na pamoja na wenzake anamiliki kila kilichobaki: kiwanja, ngazi, korido, paa, tangi la maji, shimo la maji taka. Sehemu yake katika hivyo vya pamoja ni kwa kadiri ya fungu lake. Siku hiyohiyo ya usajili, wenye nyumba wote wanakuwa shirika kisheria, watake wasitake.

Kwa hiyo hati ya namba 5 haizungumzii kuta unazoziona ukiingia. Inaelekeza kwenye ramani iliyosajiliwa, na katika ramani hiyo ukuta kati ya 5 na 6 upo bado, hata kama fundi aliubomoa na vifusi vikapakiwa kwenye mkokoteni. Marehemu alipowaunganishia watoto wake nyumba, aliunganisha vyumba tu.

Jengo hili lilikuwa na bahati moja kubwa. Wenye nyumba walinunua zamani kwa mikataba ya kukodi ya muda mrefu, kama ilivyokuwa kawaida, na ardhi yenyewe ilikuwa na hati ya kale ya Pwani, ile inayoanza na herufi C.R. Sheria mpya ilipotaka mikataba ya namna hiyo ibadilishwe, mjenzi na wanunuzi walifanya bidii wakabadilisha. Lau wangebaki na mikataba ya zamani, familia hii isingekuwa na pa kuanzia, kwa sababu nyumba isiyokuwemo katika ramani iliyosajiliwa huwezi kuikata wala kuiunganisha kwa njia hii. Majengo ya namna hiyo bado yapo mjini. Kama lako ni mojawapo, kazi ya kwanza ni ya jengo zima, na ya nyumba yako itafuata baadaye.

Kabla ya yote tulifanya sachi ya nyumba zote tatu, yaani kuangalia daftari la ardhi linasema nini kuhusu kila moja. Namba 3 ilikuwa safi. Namba 5 ilikuwa safi. Namba 6 ilikuwa bado na rehani ya sako ambayo marehemu aliimaliza kulipa alipokuwa hai. Stakabadhi ya malipo ya mwisho mama alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya watoto. Lakini kumaliza deni ni jambo moja na kuifuta rehani katika daftari ni jambo lingine, na hilo la pili hakuna aliyelifanya. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 22, inaruhusu kuunganisha sehemu zinazopakana zikiwa ni za mwenye mali mmoja na zinabeba haki na wajibu uleule kwa kila hali. Nyumba yenye rehani na nyumba isiyo na rehani hazibebi wajibu uleule. Sako ilitoa hati ya kuifuta rehani, ikasajiliwa, na mlango huo ukafunguka. Ukiwa umemaliza mkopo wa nyumba leo, usingoje kufa ndipo watoto wakahangaike, nenda ukaifute.

Sharti la mwenye mali mmoja lilizima pia ndoto nyingine ya kijana. Namba 7, inayopakana na 6 kwa upande wa pili, ni ya Mtaliano anayekuja msimu wa kaskazi na kuondoka. Kijana alikuwa na wazo la kuinunua baadaye na kuiongeza. Lakini asiye raia wa Kenya, kwa Kifungu cha 65 cha Katiba, hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99, na hata hati yake ikiandikwa vingine itachukuliwa kuwa ni ya miaka 99. Jengo letu liko kwenye ardhi ya umiliki wa kudumu. Kuunganisha nyumba ya kudumu na nyumba yenye muda kungetaka mambo mengine yatangulie, na nilimshauri aliache hilo mpaka la urithi liishe. Alikubali, japo kwa shingo upande.

Jambo lililofuata ni kwamba marehemu hawezi kutia sahihi. Hati zote tatu zilikuwa kwa jina lake. Nimeona familia zikimwita mpima kuchora kabla ya kupata usimamizi wa mirathi, na ramani nzuri ikabaki kabatini kwa kukosa mtu mwenye uwezo wa kuisaini. Mama na mwana waliteuliwa wasimamizi wa mirathi, kisha wakasajiliwa katika daftari kwa cheo hicho, wakiwa wasimamizi bado, si wenyewe. Toka hapo walikuwa na mkono wa kutia sahihi.

Sasa shirika. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kuigawa nyumba yake au kuunganisha zaidi ya moja kwa kusajili ramani mpya, lakini kwa idhini ya shirika. Nilipouliza shirika liko wapi, mwenyekiti wa jengo, mzee mmoja mstaafu wa bandari, alinionyesha simu: "Tuko hapa sote, kwenye WhatsApp. Wewe andika, nitawauliza." Nilimheshimu, lakini msajili hapokei kundi la WhatsApp. Anataka kuona mkutano ulioitishwa kwa taarifa, idadi ya waliohudhuria, azimio lililoandikwa neno kwa neno, sahihi na muhuri. Jengo lilikuwa na kitabu cha michango ya maji na askari wa usiku, lakini mihtasari ya mikutano halikuwa nayo. Ikabidi mambo ya shirika yanyooshwe kwanza, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa waliyoipata majirani kutoka kwa kisa kisichowahusu.

Mkutano ulifanyika juu ya paa, chini ya makuti, baada ya magharibi. Mezani palikuwa na maombi mawili: kuunganisha 5 na 6, na kuigawa 3. Hofu ya watu ilikuwa kwenye hilo la pili. Mama mmoja wa namba 2 alisema wazi: "Nyumba zikiongezeka, maji yatapungua na shimo litajaa. Nani atalipa?" Lilikuwa swali la haki. Jengo lote linategemea shimo moja la septiki, na gari la kunyonya huja kwa fedha za wote.

Majibu mawili yalimtuliza. La kwanza ni hesabu: nyumba tatu za familia zinaingia, na nyumba tatu zinatoka, moja juu na mbili chini. Jengo linabaki na nyumba nane. La pili ni la mafungu, na hili ningependa kila mwenye fleti alishike. Nyumba ikigawanywa, fungu lake halizidi wala halipungui, linagawanywa tu kati ya zile mpya. Zikiunganishwa, mafungu yanajumlishwa. Katika ramani ya jengo hili namba 3 ilikuwa na asilimia 17.5, na 5 na 6 asilimia 11.25 kila moja. Baada ya mabadiliko, nyumba mpya ya juu ina 22.5, na mbili za chini zina 8.75 kila moja. Fungu la jirani halikuguswa hata kidogo, na kwa kuwa michango ya jengo hutozwa kwa kadiri ya mafungu, mchango wake nao haukuguswa. Kuhusu shimo, familia ilikubali mbele ya mkutano kugharimia kulipanua, ikaandikwa katika azimio.

Idhini ya kuigawa namba 3 ikapita. Ile ya kuunganisha 5 na 6, ambayo kila mtu alidhani ni jambo jepesi, ndiyo iliyokwama.

Sababu ni korido. Milango ya 5 na 6 ilikuwa mwisho wa korido, ikitazamana. Marehemu alipounganisha nyumba hakuishia kwenye ukuta. Alitia geti la chuma mbele ya milango yote miwili, akatandaza vigae, akaweka kabati la viatu na kiti cha kupumzikia, na kipande hicho kikawa baraza ya familia. Ni upana wa mita moja na nusu kwa urefu wa karibu mita tatu. Wajukuu walijifunza kutambaa hapo. Kijana alikuwa na yakini kwamba ni pao, na alitaka ramani mpya ikiweke ndani ya nyumba.

Lakini kwenye ramani iliyosajiliwa kipande hicho ni mali ya pamoja, na mali ya pamoja haitolewi kwa wingi wa kura. Panahitajika azimio la wote, bila wa kupinga. Na mpingaji alikuwepo, akasimama. Jirani wa namba 8 alikuwa na hoja moja tu, nayo ilikuwa nzito: nyuma ya geti lile ndipo ilipo ngazi ya chuma ya kupandia kwenye matangi. "Marehemu nilimpenda, na ufunguo alinipa," alisema. "Lakini ufunguo alionipa ni wa hisani. Mkiandika kwenye hati, nitapandaje siku ambayo hampo?"

Kijana alikasirika. Alitaka tutafute njia: miaka imepita, hakuna aliyelalamika, baba aligharimia vigae. Nilimwambia kweli kama ninavyoiona. Kukaa kwa hisani ya majirani hakukugeuzi kuwa mwenye mali, na wewe mwenyewe ni mmoja wa wenye korido hiyo, kwa hiyo unadai chako kutoka kwako. Zaidi ya hayo, hata jirani wa 8 angekubali, ilibaki sahihi ya Mtaliano wa namba 7 aliyekuwa kwao, na ya wengine wote, na mpimo mpya wa sehemu za pamoja. Kwa mita nne na kidogo angechelewesha haki ya dada zake kwa muda usiojulikana.

Aliyeamua ni mama. Alikuwa kimya mkutano mzima, mtandio umefunika nusu ya uso. "Mwanangu, baba yako alipaazima. Parudishe." Siku ya pili kabati la viatu lilikuwa ndani. Geti lilikatwa na fundi wa kuchomelea wiki hiyohiyo, vigae vikaachwa kwa ajili ya wote. Ramani ikachorwa hivi: nyumba zinaungana kupitia uwazi ulio kwenye ukuta wa kati tu, mlango wa 5 unabaki kuwa mlango wa nyumba, mlango wa 6 unabaki kama mlango wa pili, na korido inarudi kama ilivyosajiliwa mwanzo. Mkutano uliofuata ulipitisha bila neno.

Ukaja ukuta wenyewe. Majengo yetu mengi yamesimama juu ya kuta za mawe ya matumbawe yaliyokatwa, na ukuta wa namna hiyo mara nyingi ndio unaobeba sakafu ya juu, kwa hiyo kuufungua si kama kufungua ukuta wa mbao. Mhandisi alikuja na nyundo ndogo. Aligonga plasta kuzunguka uwazi, akasikiliza, akamwambia fundi abandue pembeni juu. Nguzo na mihimili ya zege ilikuwepo. Ukuta ulikuwa wa kujazia tu. Wote tukashusha pumzi. Kisha akaonyesha linta iliyokuwa juu ya uwazi. Upande wa kulia ilikuwa imeingia ndani ya ukuta vizuri. Upande wa kushoto ilikalia jiwe kwa upana wa vidole viwili, na jiwe lenyewe lilikuwa na ufa ulioanza kupanda kwa mshazari kuelekea dari. Aliyebomoa alipima linta fupi, au aliikuta fupi akaona itafaa. Watoto walikuwa wakipita chini yake kila siku. Linta ikatolewa, ikamwagwa nyingine ndefu, na ripoti ya mhandisi ikaambatanishwa kwenye maombi ya kaunti.

Maombi ya kaunti ni lazima, na watu wengi huyaruka kwa kudhani kuwa idhini ya majirani inatosha. Kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kugawa na kuunganisha kunahitaji ruhusa ya kaunti, kwetu sisi Kilifi, na kazi ya ujenzi ndani yake inataka michoro iliyopitishwa. Kwa nyumba ya juu hawakuwa na maswali. Walichokishughulikia ni namba 3.

Nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya familia moja kubwa: jiko moja kwa nyuma, choo na bafu katikati, madirisha mazuri upande wa barabara na upande wa uani. Ukipitisha ukuta katikati, nusu ya mbele inabaki bila jiko na nusu ya nyuma inabaki bila mwanga sebuleni. Mchoro wa kwanza ulikuwa na chumba cha kulala kisicho na dirisha, na afisa wa afya ya umma aliukataa, kwa haki kabisa. Hewa ya Malindi mwezi wa Februari haivumiliki ndani ya chumba kilichozibwa. Mchoro wa pili uliusogeza ukuta, ukaupinda mara mbili, ukakipa kila chumba dirisha lake. Mabomba ya jiko jipya yakapelekwa kwenye njia ileile ya bafu ili yasipite chini ya nyumba ya jirani. Mita ya maji ikawa mbili, ya stima mbili. Hili la mita lisiachwe mwisho. Nyumba mbili zenye hati mbili na tokeni moja ni ugomvi uliowekwa akiba.

Kupinda ukuta kulileta tofauti ndogo ya mita, nusu ya nyuma ikawa pana zaidi kidogo. Mabinti wakaamua mafungu yabaki sawa, na kuhusu tofauti ya thamani wakaelewana wenyewe kwa maandishi. Mdogo alichagua ya nyuma, kwa sababu anapika mahamri na viazi karai vya kuuza na alitaka uani. Nilimkumbusha kwamba hati itasema ni nyumba ya makazi na kanuni za shirika zinamhusu. Kupika jikoni mwako ukapeleka dukani ni jambo moja, kufungua mkahawa mlangoni ni jambo jingine linalotaka ruhusa yake.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya mpima. Alichora ramani mpya ya nyumba zilizoguswa, yenye vipimo vya kijiografia vinavyoonyesha mahali hasa lilipo jengo, kama sheria ya 2020 inavyotaka, jedwali la mafungu, sahihi za wasimamizi wa mirathi, na viambatanisho: azimio la shirika, ruhusa ya kaunti, vyeti vya kumaliza kodi za kaunti, hati asili tatu. Ramani ikapitishwa na ofisi ya upimaji, kisha ikasajiliwa. Madaftari matatu ya zamani yakafungwa, matatu mapya yakafunguliwa, kila moja na namba yake. Namba za zamani hazitumiki tena. Kijana alitaka kubaki na namba 5 kwa mapenzi, nikamweleza kwamba mlangoni anaweza kuibandika, kwenye hati haiwezekani.

Kisha wasimamizi wakazihamisha nyumba kwa warithi. Hapa pana jambo la fedha. Kumpa mrithi fungu lake la mirathi hakuhesabiwi kama kuuza. Lakini ndugu akinunua fungu la ndugu yake zaidi ya mgawanyo, kodi zinaweza kuingia: ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia 4, na kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Ndiyo maana ile 1,575,000 iliandikwa ndani ya makubaliano ya mgawanyo yaliyothibitishwa na mahakama, kama sehemu ya kusawazisha urithi, wala haikuachwa iwe mapatano ya pembeni baada ya hati kutoka. Benki, ikiwa na hati moja ya nyumba moja, ilikopesha. Dada wakalipwa.

Jina la mama karibu lingekosekana. Kijana, kwa nia njema, alisema nyumba ya juu iandikwe kwa jina lake kwa kuwa yeye ndiye mwenye mkopo, na mama atakaa humo maisha yake yote. Mama akakataa. "Thumni yangu amenipa Mungu. Nitaiona kwenye karatasi." Nilifurahi kumsikia, maana nimeona wajane wengi wakipewa chumba badala ya haki. Tulipotaka kuwaandika pamoja, kijana aliuliza kama wanaweza kuandikwa kwa namna ambayo mmoja akifa mwenzake anabaki na yote. Kifungu cha 91 cha sheria ile ya 2012 kimelifunga hilo: bila ruhusa ya mahakama, umiliki wa namna hiyo sasa ni wa mume na mke tu. Kwa hiyo wameandikwa kama wenye mafungu. Kati ya mafungu yao 18, mama ana 4 na mwana ana 14, yaani mama mbili kwa tisa na mwana saba kwa tisa. Rehani ya benki ilihitaji sahihi ya mama pia, na aliitia baada ya wakili wake mwenyewe, si wa benki, kumsomea kila ukurasa.

Limebaki moja, nami nimewaambia wote wanne wakiwa pamoja. Mama akifariki wakiwa hai hawa watoto watatu tu, fungu lake la mbili kwa tisa litarithiwa nao: mwana nusu, kila binti robo. Mabinti watakuwa na sehemu moja kwa kumi na nane kila mmoja katika nyumba ya juu, na kaka yao nane kwa tisa. Mama hawezi kumuusia mwanawe fungu hilo bila ridhaa ya mabinti, kwa kuwa hakuna wasia kwa mrithi. Anaweza kutoa hiba akiwa hai, kwa yeyote kati yao au kwa wote, na benki ikikubali kwa kuwa nyumba iko rehani. Alisema atalifikiria baada ya Ramadhani. Kijana ameanza kuweka akiba ya kuwanunulia dada zake sehemu hizo siku itakapofika, na dada mkubwa amemwambia safari hii aanze kwa sachi.